Kipande Cheusi kati ya Kitale na Bungoma

Nilipokwenda kuomba mke, baba yake hakuniuliza nimesoma hadi wapi. Swali hilo nilikuwa nimelisubiri kwa hamu. Nilikuwa nimevaa tai, na nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuitaja shahada yangu ya historia, somo nililofundisha, kana kwamba imeniponyoka mdomoni. Mzee aliniuliza kama nina gari. Nikasema lipo, pikapu ya baba yangu, ambayo ameahidi kuniachia nikioa. Mzee akawatazama ndugu zake waliojaa sebuleni, kisha akasema, "Basi mama yake atamwona."

Nilikuja kuelewa baadaye. Binti yao wa kwanza aliolewa mbali, akawa mtu wa Krismasi, na hata Krismasi zenyewe si zote. Mama yake hakupona jambo hilo. Kwa hiyo wa pili alipotaka kuolewa na mtu wa Kitale, tena mtu ambaye babu yake alitoka Mkoa wa Kati na kwa hivyo alikuwa tayari ametoka ukoo unaojulikana kwa kuhama, familia iliweka sharti moja. Kila mwisho wa mwezi, Jumamosi, nimlete binti ashinde na mama yake. Jioni tuondoke.

Hayo maneno mawili ya mwisho yalikuwa na uzito kuliko sharti lenyewe. Kwao mkwe wa kiume hawezi kulala kwa wakwe zake. Wala hamkaribii mama mkwe. Hamshiki mkono, hamtazami machoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye shamba la mtu. Mama mkwe wangu aliishika heshima hiyo kuliko alivyoshika kiti chake kanisani. Akiwa na neno kwangu alimwambia mume wake kwa sauti kubwa, au aliwaambia kuku, nami nikiwa ng'ambo ya ukuta nilisikia kila kitu. Kuku wake walikuwa wanajua mambo mengi kunihusu.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Maisha yake yote lilibeba mitungi ya maziwa na magunia ya viazi kutoka shambani kwa baba hadi Kitale mjini. Ni mahali pa baridi. Julai, ukungu hukaa juu ya mahindi hadi watu wanakaribia kula chakula cha mchana, na mtu anakusalimu mikono ikiwa mfukoni bila nia ya kukudharau. Huko pikapu ilikuwa haina neno. Ilikuwa haijawahi kupelekwa Bungoma kwa sababu baba hakuwa na shughuli yoyote na Bungoma mpaka nilipompelekea.

Safari ya kwanza baada ya harusi tuliteremka vizuri, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, na kila tulipoteremka tulivua kitu. Nilifika kwa wakwe nikiwa na shati tu, kwapa limelowa. Nyumba yao iko baada ya mji wa Bungoma, kabla hujafika Malakisi, katikati ya mashamba ya tumbaku. Tulikula kuku. Mke wangu aliingia jikoni kwa mama yake na hatukumwona tena. Tulisikia tu vicheko. Alasiri mzee akaomba nimpeleke Malakisi mara moja aone mtu. Tulipokwenda na kurudi, jua lilikuwa kali na injini imepata moto hasa. Nikaingia uani, nikaacha injini ikinguruma, nikasema tuagane.

"Zima gari," mzee akasema. "Tuombe."

Watu wa pale hawamwachi mgeni aondoke bila sala ya safari, na mzee hakuombea safari tu. Aliombea barabara, daraja la Webuye, madereva wa malori, baba yangu ambaye walikuwa wameonana siku moja, ng'ombe wa baba yangu, serikali mpya, na bei ya tumbaku. Huku tumefumba macho, joto la injini lililokuwa limekosa pa kwenda lilipanda juu taratibu likaingia kwenye kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa, na petroli ikachemka kama uji. Tuliposema amina, nikawasha. Gari likakohoa. Nikawasha tena. Likanuka petroli, likanyamaza.

"Mulamwa," kaka wa mke wangu akasema akiegemea mlango, akiniita shemeji kwa lugha ya kwao, "hii gari imependa ugali ya huku. Inataka kulala."

Alikuwa anatania, lakini neno kulala liliposikika mzee alitazama kando. Nilifungua boneti, nikainama ndani kama mtu anayejua anachotafuta. Kilichonitia aibu zaidi nilikiona baadaye kidogo. Jiko la mama mkwe lilikuwa upande mmoja wa ua na nyumba kubwa upande mwingine, na mimi nilikuwa nimesimama katikati. Mama wa watu hakuweza kutoka. Sufuria yake ilikuwa upande huu na chumvi upande ule, na jua lilikuwa linashuka. Mwishowe tulimsikia akiwaambia kuku, "Kama mtu angetia maji kwa gunia, aweke pale juu, labda ingepoa." Nikaweka gunia la maji. Giza lilikuwa limeanza kuingia gari lilipokubali, na mama mkwe alikuwa bado ameketi jikoni, mfungwa wa adabu zake mwenyewe.

Jumatatu nilikwenda kwa fundi wetu wa Kitale, mtu mwenye maneno mengi kuliko spana. Alifungua, akachungulia, akacheka.

"Mwalimu, hii gari haina ugonjwa. Ni wewe unaipeleka kwa joto."

Akanionyesha. Kati ya kabureta na injini kuna kipande kinachokaa kama biskuti, kina matundu ya kupitishia hewa na petroli. Mafundi hukiita spesa. Yangu ilikuwa ya chuma, nyembamba. Joto la injini lilikuwa linapita hapo bila kubisha hodi.

"Hii ni ya baridi," akasema. "Asubuhi inapasha kabureta. Ukitaka ya joto ni ile nyeusi, nene, ile inakataa moto kama kishikio cha sufuria. Lakini mimi siwezi kukuwekea."

"Kwa nini?"

"Ukikwama hapa Kitale, watu watauliza nani alitengeneza. Mimi niko na jina."

Nikafanya walichonifundisha chuo kikuu, yaani nikaenda kusoma. Baba alikuwa na kitabu cha gari lile, kimejaa mafuta, na ndani yake nikakuta sehemu yote kuhusu kipande hicho. Ilisema nchi za joto zitumie kinene, nchi za baridi zitumie chembamba. Kenya iliwekwa kwenye nchi za joto. Ni wazi kwamba aliyeandika hakuwahi kukamua ng'ombe Kitale mwezi wa saba. Nilimsomea baba. Akasema, "Hii gari imebeba maziwa tangu wewe uko shule. Haijawahi kusumbua. Wakwe ndio wako na joto."

Safari iliyofuata niliondoka mapema nikapitia Bungoma mjini kwa fundi mwingine, karibu na reli, pale waendesha boda wa baiskeli walipokuwa wakisubiri abiria. Huyu alitazama kipande changu kwa masikitiko ya kweli.

"Nani alikuwekea hii? Mtu wa Kitale? Hao watu wanafikiria dunia yote ni friji, bana. Kabuleta inapikwa kama mandazi."

Akaniwekea nene. Nyeusi, ngumu, nyepesi mkononi kuliko ulivyotarajia. Alasiri hiyo tulirudi kutoka Malakisi na mzee, nikazima, mzee akaomba, na kwa kuwa alikuwa amesikia habari za fundi akamwombea na yeye. Nikawasha. Liliwaka kabla sijageuza ufunguo vizuri. Mke wangu alinitazama jinsi ambavyo hajawahi kunitazama nikisoma kitabu.

Nilijivuna mpaka Julai.

Julai, Jumamosi ya safari, tulitoka kukiwa na ukungu. Gari liliwaka vizuri, likatembea vizuri, na karibu na Kiminini likaanza kupungua nguvu kama mtu anayesinzia akiongea. Likazima. Nikafungua boneti, nikatoa kifuniko cha hewa, nikachungulia ndani ya koo la kabureta. Kulikuwa na barafu. Sikuamini. Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini, nimezaliwa hatua chache juu ya ikweta, na barafu ya kwanza niliyoiona nje ya friji, ukiacha mvua ya mawe, ilikuwa hapo, nyeupe, imeota pembeni kama ndevu za mzee. Hewa yenye unyevu ikichanganyika na petroli hupoa sana, na kile kipande changu kinene kilikuwa kimelizuia joto lote ambalo lingeiyeyusha. Kilikuwa kinafanya kazi yake kwa uaminifu mahali pasipohitajika.

"Ngoja tu," mke wangu akasema, amejifunika leso hadi masikioni. "Itayeyuka."

Iliyeyuka. Tukaenda kidogo, ikaganda tena. Tulifika Bungoma wakati watu wanatoka sokoni. Mama yake alikuwa na saa moja naye, pengine na nusu, kisha jua likawa linazama na mimi ikabidi niondoke na binti yake. Hakuwaambia kuku chochote siku hiyo, na ukimya huo ulinisumbua njia yote.

Hapo ndipo msomi alipopata wazo. Nilikuwa na vipande viwili, kimoja kizuri Kitale na kingine kizuri Bungoma. Kilichobaki ni kubadilisha njiani. Kamukuywa, kwa hesabu yangu, ndiyo ilikuwa mpaka wa baridi na joto. Nitasimama hapo, nifungue kabureta, nitoe chembamba, niweke kinene. Jioni nikirudi nifanye kinyume chake. Nilimweleza mke wangu kwa mchoro. Aliutazama mchoro muda mrefu.

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Na suti?"

"Nitavaa ovaroli juu yake."

Mwezi wa nane, basi, watu wa Kamukuywa waliokuwa wakienda sokoni walimwona mtu mwenye tai na ovaroli amelala juu ya injini kando ya barabara, na mwanamke ameketi ndani akila ndizi. Kazi ilikuwa inaendelea vizuri. Mvua ikaja. Ile karatasi ngumu inayokaa chini ya kipande ili hewa isivuje ikalowa, ikakatika mkononi mwangu vipande vipande, na nati moja ikadondoka ikaingia mahali ambapo mpaka leo sijui. Niliuliza kwenye maduka yote. Walikuwa na chumvi, mafuta ya taa, na huruma. Tuliburutwa kurudi Kitale na trekta la mtu aliyemjua baba.

Siku iliyofuata shemeji alipiga simu, na nikajua kwa jinsi alivyoniita kwa adabu kwamba mambo ni mabaya.

"Mulamwa, mama alichinja. Akaweka kiti pale njiani, akakaa mpaka jioni. Sisi tukamwambia ingia, akakataa."

"Amesema nini?"

"Si unajua hawezi kukusema. Ameambia kuku."

"Amewaambia nini?"

"Ati baridi ya Kitale imemeza wa pili."

Nilimpa mke wangu simu, nikatoka nje. Aliporudi kunitafuta macho yake yalikuwa mekundu, na hakuwa na hamu ya mchoro mwingine. Aliketi karibu nami kwenye ngazi.

"Nikuulize," akasema. "Gari ikizima Kiminini, nani anaaibika?"

"Mimi."

"Wewe umezoea. Na ikizima kwetu?"

Nikamfikiria yule mama amekaa jikoni kwake bila chumvi. "Mama yako."

"Basi unatafuta nini kingine?"

Nilikuwa nimeshughulika miezi yote hiyo nikiuliza ni kipande kipi kinafaa hali ya hewa. Mafundi wawili walinijibu kila mmoja kwa hali ya hewa ya kwao, na kitabu kikajibu kwa hali ya hewa ya ramani. Mke wangu aliuliza ni wapi hatuwezi kabisa kukwama. Kitale tukikwama tuko nyumbani. Kuna jirani, kuna baba, kuna trekta. Kwao saa moja ya kuchelewa kuondoka iligusa heshima ya mama, na saa moja ya kuchelewa kufika ilimnyang'anya mtoto. Basi kipande kinene nikirudishe, kisitolewe tena, na baridi tuitafutie dawa nyingine.

Dawa ilikuwa kwenye kile kitabu, ukurasa ambao nilikuwa nimeuruka kwa kuwa haukuwa na maneno, picha tu. Gari lilipotoka kiwandani lilikuwa na bomba dogo la bati linalovuta hewa iliyopashwa moto pembeni mwa bomba la moshi na kuileta kwenye kabureta wakati wa baridi. Nikamuuliza baba liko wapi.

"Lilikuwa linapiga kelele," akasema. "Nikalitoa."

"Likaenda wapi?"

"Kuku walilitagia. Likaoza."

Nilikwenda kwa fundi wa bati karibu na soko la Kitale, yule anayetengeneza majiko na karai. Alipima kwa mkono, akakata kebe kubwa la mafuta ya kupikia, akalizungusha, akaligonga, na mwisho nikapata bomba lenye picha ya mnazi ubavuni. Fundi wetu wa gari alilifunga kwa waya, akaapa kwamba yeye ndiye aliyefikiria. Baba alizunguka gari, mikono nyuma.

"Umewekea gari yangu chimni," akasema, "kama mama wa chapati."

Lakini kulipokuwa na ukungu lilitembea. Nilipita Kiminini nimeshikilia usukani kama mtu aliyebeba mayai, nikapita Kamukuywa bila kutazama kando, na baada ya Webuye nikasimama, nikalegeza waya, nikalichomoa bomba lile ili injini ivute hewa ya kawaida, maana sasa joto lilikuwa la kutosha. Kazi hiyo haikuhitaji ovaroli. Tulifika kwa wakwe asubuhi bado ni asubuhi. Kiti kilikuwa njiani, na mama mkwe alikuwa amekikalia. Alipoliona gari alisimama haraka, akageuka, akaingia kwenye tumbaku, na mke wangu aliruka kabla sijasimama vizuri akamfuata humo humo. Nilibaki nikitazama majani yakitikisika.

Alasiri mzee alitaka kwenda Malakisi, nikampeleka. Tukarudi, injini ina moto. "Zima," akasema, nikazima. Aliomba kuliko siku zote. Aliomba juu ya hali ya hewa kwa jumla. Tulipofumbua macho niliona shemeji na vijana wa jirani wamekwisha kukunja mikono ya mashati, tayari kusukuma. Nikageuza ufunguo. Likawaka, likatulia, likanguruma taratibu kama lililokuwa linasubiri sala iishe.

Hakuna aliyeshangilia. Shemeji alikunjua mikono ya shati lake akionekana kama aliyenyimwa kitu. Mke wangu alikuwa bado mlangoni kwa jiko, kikapu mkononi, na kutoka ndani ya jiko ikasikika sauti, safari hii bila kusingizia kuku.

"Baba watoto. Hii gari sasa imepona?"

"Imepona," mzee akajibu akinitazama mimi.

"Inaweza kwenda Kitale na kurudi?"

Mzee akanitazama tena. Nikasema inaweza. Sikuona mtego, na nilikuwa mtu mwenye shahada.

"Basi si aende," ile sauti ikasema. "Mtoto abaki na mimi leo. Kesho baada ya kanisa aje amchukue."

Mzee alikohoa. Alijua, kama nilivyojua, kwamba sharti lilikuwa Jumamosi tu, na jioni tuondoke. Lakini hakuna aliyesema hivyo, na mke wangu alikuwa tayari ameweka kikapu chini. Nikapanda Kitale peke yangu, na ndizi pembeni yangu kwenye kiti chake. Baba aliponiona naingia peke yangu alinimiminia chai, akasema wakwe wazuri wana gharama ya petroli.

Jumapili niliamka kukiwa na ukungu, nikafunga bomba langu la mnazi, nikateremka. Gari halikuniaibisha mahali popote. Nilifika mapema kupita kiasi, nikaegesha kando ya njia ya kwenda kwao. Baada ya muda nikawaona wanatoka kanisani, mama na binti, wameshikana mikono, wanatembea polepole makusudi, wanasimama, wanaendelea. Mama mkwe aliliona gari. Akaingia kwenye mahindi ya watu, kama ilivyo desturi, mke wangu akabaki njiani akicheka.

"Mwambie amekuja mapema," mahindi yakasema. "Hatujamaliza."

Mke wangu akafungua mdomo aniambie. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba nimesikia. Nikaligeuza gari, nikaenda Malakisi, nikaketi hotelini nikaagiza chai, na nilipoimaliza nikaagiza nyingine.